Kengele Isiyosahihishwa

Mwanzoni mwa kazi yangu, kabla sijahamia chuo cha ualimu, niliongoza shule moja huko Newala. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mkorosho, na kila mtoto aliyepita aliigonga. Siku moja moto wa majani ulielekea bwenini. Niligonga rimu ile mpaka mkono ukaniuma, na hakuna aliyekuja. Moto ulipozimwa niliwachapa wanafunzi wote. Leo nakiri kuwa niliwachapa bure. Mkosaji alikuwa mkuu wa shule aliyeiacha kengele ipigwe ovyo.

Nilikumbuka rimu ile nilipomuuguza dada yangu katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali kubwa moja, ambayo sina haja ya kuitaja. Mashine ya kitandani ililia usiku kucha. Nilipoinuka kwa hofu, muuguzi aliniambia kwa upole, "Mwalimu, usiogope, hiyo hulia hivyo hivyo." Kweli, mara nyingi ilikuwa ni kibandiko cha kifuani kilichobanduka. Alfajiri ililia kwa haki, na hakuna aliyeinua kichwa mpaka nilipopiga yowe. Dada alipona, namshukuru Mungu.

Wapo watakaosema wauguzi wetu ni wavivu. La hasha! Huko San Francisco, mwaka 2013, watafiti walihesabu kengele za vitanda 77 vya wagonjwa mahututi kwa siku 31, wakapata zaidi ya milioni mbili na nusu. Kisha wauguzi watafiti wakakagua moja moja kengele 12,671 za mapigo ya moyo, na karibu 89 katika kila 100 zilikuwa za uongo. Ikiwa hali ni hiyo kwa matajiri, sikio la muuguzi wetu tunalilaumu kwa lipi? Debe tupu haliachi kuvuma, lakini nani alililete debe wodini?

Dawa ni kazi tuijuayo sisi walimu: kusahihisha. Mashine nayo ni mwanafunzi. Hujifunza kutokana na kumbukumbu za wagonjwa ambazo mjuzi ameziandikia pembeni: hii kweli, hii uongo, na sababu yake. Mwaka 2015 wataalamu wa dunia walishindanishwa kutengeneza programu za kutenganisha kengele hizo. Mifano iliyosahihishwa ilikuwa 1,250, kutoka hospitali nne za Marekani na Ulaya. Afrika haikuwamo.

Msiseme mwili ni mwili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kilishindwa kutambua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo kengele yaweza kusema uongo kwa kelele, na yaweza kusema uongo kwa kunyamaza. Huo wa pili ndio unaozika watu.

Mwaka 2021 taifa letu lilikopa trilioni 1.3 kukabili UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikajenga vyumba vya wagonjwa mahututi. Ni jambo jema. Lakini kununua kengele bila kumwajiri wa kuisahihisha ni kununua daftari bila mwalimu.

Nitaulizwa, wauguzi ni wachache, wataandika saa ngapi? Nami nauliza, saa ngapi hupotea wakikimbilia vibandiko? Aajiriwe mtu wa kazi hiyo, aandike kila kengele na sababu yake, na daktari apitie kila juma. Vyuo vya uuguzi viifundishe kazi hiyo. Kumbukumbu za mgonjwa wa Masasi na Newala zisahihishwe na mtu aliyemwona mgonjwa huyo.

Nilipowachapa watoto wale, rimu ilibaki pale pale mkoroshoni, na kesho yake ikagongwa tena. Tusiwachape wauguzi.