Injini Kubwa, Breki Ndogo: Tuongeze Nguvu au Tununue Gari la Mbio?



Wahenga walinena kwamba penye wengi pana mengi. Nami naongeza kwamba penye magari mengi pana ubishi mwingi. Hapa Kimana, kila jioni kwenye kituo cha magari ya Emali na Oloitokitok, vijana hubishana juu ya jambo moja: mtu akiwa na gari lisilo na mbio, je, alipeleke kwa fundi liongezwe nguvu, ama aliuze anunue lenye mbio zaidi? Ubishi huu umeingia hata darasani mwetu, kidato cha tatu. Wa upande mmoja husema, "Weka turbo, utaona maajabu." Wa upande wa pili hujibu, "Wacha mchezo, uza hiyo Probox ununue Subaru." Nimewasikiliza wote kwa makini, na sijamsikia hata mmoja akiuliza habari ya breki. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Maoni yangu ni haya. Kati ya mambo hayo mawili, kununua gari lililotoka kiwandani likiwa na mbio ni afadhali kuliko kuichokoza injini ya gari la kazi. Lakini kabla ya yote mawili kuna la tatu, nalo ni kuhakikisha kwamba mbio zile unaweza kuzisimamisha. Asiyeweza kusimama hana haki ya kukimbia.

Kwanza tulifahamu gari lenyewe. Hapa kwetu mfalme wa barabara ni Toyota Probox. Gari hili lilianza kuuzwa Japani mwaka wa 2002, na lilibuniwa kuwa gari la kazi: kubeba mizigo midogo ya ofisi na maduka. Nyingi tunazoziona zina injini ya sentimita za ujazo 1,496, yenye nguvu za farasi zaidi ya 100 kidogo tu. Breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za ngoma. Kwa kazi iliyokusudiwa, gari hili halina mfano. Sisi hapa tunalipakia nyanya na vitunguu vya mashamba ya kumwagilia, tunalipakia abiria hadi kwenye buti, halafu tunalaumu kwamba halina mbio!

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Oloitokitok uko juu zaidi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Injini hula hewa kama inavyokunywa petroli, na isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hivyo dereva anayelalamika kwamba gari lake ni zito kuliko lilivyokuwa Mombasa hasemi uongo.

Hapo ndipo fundi huingia. Turbo ni kifaa chenye gurudumu dogo linalozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Gurudumu hilo huzungusha jingine ambalo husukuma hewa nyingi kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huchomeka, na nguvu huongezeka. Wengine hawaweki turbo. Hubadilisha programu ya kompyuta ya gari, ama hupanua bomba la ekzosi ili moshi utoke upesi. Kwa kawaida, kupanua ekzosi peke yake huongeza kelele kuliko nguvu. Gari hunguruma kama simba wa Amboseli, lakini likifika kwenye kilima, wapi! Linapitwa na lori la vitunguu.

Sasa sitaki kuwaonea wanaopenda kuongeza nguvu. Wana hoja zao, na nyingine ni nzito. Husema kwamba si kila mtu ana pesa za kununua gari jingine kwa mkupuo. Afadhali kuboresha ulilo nalo pole pole, haba na haba. Husema pia kwamba gari lako unalijua: unajua lilipogongwa, unajua mafuta yalibadilishwa lini. La kununua ni paka ndani ya gunia. Tena mafundi wetu wa jua kali hupata riziki na ujuzi kutokana na kazi hiyo. Hoja hii ya mwisho inanigusa, kwa sababu wenzetu wengi wanaotoka shuleni hujifunza kazi katika gereji hizo hizo.

Hata hivyo, gari ni kama mwili wa binadamu. Huwezi kumpa mtoto misuli ya mpiga masumbwi ukamwachia mifupa yake ya utotoni. Injini isiyokusudiwa kuwa na turbo kwa kawaida hubana hewa sana ndani ya silinda. Ukiisukumia hewa zaidi bila kubadilisha vilivyomo, joto na mgandamizo hupita kiasi; pistoni hutoboka, gasketi huungua, rejeta huchemka. Klachi nayo huanza kuteleza, na gia husagika. Jirani yetu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alifungiwa turbo kuukuu kwenye gari la kubebea nyanya. Kwa wiki tatu alikuwa shujaa wa mtaa. Wiki ya nne gasketi ilikwenda, siku ya soko, na nyanya zote zikaiva zaidi ya kuiva kando ya barabara. Nilimwuliza fundi mmoja mzee, "Fundi, kosa lilikuwa wapi?" Akanijibu, "Kijana wangu, wateja huniletea pesa za injini. Nikiwauliza pesa za breki, huniambia watarudi mwisho wa mwezi."

Ninaomba msomaji ayaweke maneno hayo moyoni.

Tugeukie upande wa pili. Kampuni ya Subaru ilipotoa Impreza WRX mwaka wa 1992, ilikuwa na injini ya lita mbili yenye turbo na nguvu za farasi 240. Lakini haikutoa injini peke yake. Gari lilikuwa na magurudumu manne yanayovuta, na breki, shokamzoba na rejeta vilipimwa kulingana na nguvu hizo. Wahandisi walilijaribu kabla ya mteja kuliona. Hii ndiyo tofauti kubwa. Anayenunua gari la mbio hununua pamoja nalo kazi ya watu waliokaa chini wakafikiri habari ya kusimama. Ndugu zetu wa turbo za kufungia hununua kuondoka tu.

Walakini hata kununua kuna mitego yake. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita umri wa miaka 8. Kwa hivyo zile Subaru za miaka ya 1990 zinazosifiwa vituoni ni zile zilizo humu humu nchini, zilizopita mikononi mwa watu wengi. Gari la mbio lililochoka ni hatari kuliko la polepole lililochoka.

Tena kiwanda chenyewe kinaweza kukosea. Nchini Marekani kuna magari yanayopendwa sana ambayo siri yake ni moja: injini kubwa ndani ya bodi ya kawaida. Pontiac GTO ilipotokea kama modeli ya 1964, ilipewa injini ya silinda 8 yenye ujazo wa karibu lita 6.4. Vijana wa huko wakashangilia. Lakini breki za magurudumu yote manne zilikuwa za ngoma. Diski za mbele zilianza kupatikana kwa modeli ya 1967, na hata wakati huo zilikuwa za kulipiwa zaidi. Mnaona? Ugonjwa huu wa kukumbuka injini na kusahau breki haukuanzia Kimana.

Sasa naomba tufungue daftari la fizikia, kwani elimu isiyotoka darasani ni mzigo wa bure. Katika kidato hiki tumefunzwa kwamba nishati ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzito wake, mara mwendo, mara mwendo tena. Maana yake, mwendo ukizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Breki ndizo zinazopaswa kuigeuza nishati hiyo yote kuwa joto. Nimepiga hesabu nikichukua lami kavu na breki nzuri zinazopunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde, kila sekunde, na dereva anayechukua sekunde moja kabla ya kukanyaga. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari litasimama baada ya mita 57 hivi. Kwa 120, mita 113. Kwa 160, mita 185, yaani karibu urefu wa viwanja viwili vya kandanda. Na hizo ni breki nzuri! Weka kreti za nyanya ndani, weka magurudumu yaliyoisha meno, weka mteremko wa kutoka Oloitokitok, kisha uniambie gari litasimama wapi.

Nani yuko mbele ya gari hilo? Kwanza tuko sisi. Shule yetu ni ya kutwa. Asubuhi kabla ya jua kuchomoza, na jioni baada ya masomo ya ziada, mamia yetu hutembea kando ya barabara ile ile ambayo vijana wa turbo huigeuza kuwa uwanja wa mashindano. Baadaye kuna ng'ombe, mbuzi na wachungaji wao. Na hapa kwetu kuna wengine tena: pundamilia, twiga na ndovu wanaovuka kati ya Amboseli na nyanda za Chyulu na Tsavo Magharibi. Ndovu hasomi alama za barabarani. Akisimama katikati ya lami saa moja ya usiku, nguvu za farasi 240 hazitakusaidia. Kitakachokusaidia ni diski nne, magurudumu mazuri na mguu mwepesi.

Wapo watakaosema, "Wewe ni mwoga, Kenya ni nchi ya Safari Rally." Vyema, tuzungumze juu ya Safari. Mwaka wa 1965, Joginder Singh alishinda mashindano hayo pamoja na nduguye Jaswant wakiendesha Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika. Hakuwa na gari jipya kuliko wenzake. Alikuwa fundi, alilijua gari lake kutoka taa hadi taa, na alijua mahali pa kupunguza mwendo. Akashinda tena mwaka wa 1974 na 1976. Mwaka wa 1993, Patrick Njiru aliingia Safari na Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika sentimita za ujazo 700, ndogo hata kuliko nusu ya injini ya Probox. Colin McRae, dereva wa Uskoti aliyesifika kwa kasi, alikuwa na Vivio kama hiyo, lakini hakufika mwisho. Njiru alifika, akawa wa 12. Hii ni Safari, na somo lake ni kwamba asiyefika hakukimbia.

Sheria nayo haijanyamaza. Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, ambazo wananchi waliziita za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, ziliyataka magari ya abiria yawe na vidhibiti mwendo visivyopita kilomita 80 kwa saa. Mjini, kikomo ni 50. Sasa jiulizeni: gari la abiria la kwenda Emali, lisiloruhusiwa kupita 80, linafungiwa turbo la nini? Ni sawa na kununua viatu vya kandanda kwa ajili ya kulalia. Zaidi ya hayo, ukibadilisha injini unapaswa kuwaarifu NTSA ili kumbukumbu za gari zirekebishwe, na kampuni ya bima ikigundua mabadiliko uliyoficha inaweza kukataa kulipa. Atakayegongwa atalipwa na nani?

Kwa hivyo ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwenye gari la kazi na aliache liwe la kazi. Pesa alizotenga za turbo azitumie kwa breki, magurudumu, shokamzoba na taa. Atashangaa jinsi gari lile lile litakavyokuwa jipya. Pili, anayependa mbio kwa dhati, na si dhambi kupenda, basi aweke akiba anunue gari lililoundwa kwa mbio, likaguliwe na fundi anayeaminika, na alikimbize kwenye mashindano yaliyoruhusiwa, si kando ya soko. Tatu, mafundi wetu wawe na msimamo mmoja: hakuna nguvu bila breki. Mteja akikataa, na aende zake.

Nanyi wanafunzi wenzangu, hasa wavulana, tuache kuwashangilia madereva wanaopita shuleni wakinguruma. Kelele zetu ndizo petroli yao. Tukiacha kupiga makofi, wataanza kupunguza mwendo.

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, nami nawaunga mkono. Kesho alfajiri tutakuwa tena kando ya lami, na vitabu vyetu kwapani. Tunataka kufika.

Wasalaam.