Trauti wa Ziwani, Barafu Ikishayeyuka

Wasomaji wanaokaa karibu na mito ya Nyandarua na ya Mlima Kenya wamjua samaki aitwaye trauti, ambaye asili yake si ya nchi hii, bali aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905. Huyo ni samaki wa mto. Huko Amerika ya Kaskazini yuko jamaa yake, mkubwa kuliko yeye, ambaye makao yake hasa ni maziwa yenye kina na maji ya baridi kali. Huitwa trauti wa ziwani, na jina lake la kitaalamu ni Salvelinus namaycush. Neno hilo la pili limetoka katika lugha za wenyeji wa kale wa nchi ile. Mwili wake ni wa kijivu au wa kijani iliyokolea, wenye madoa meupe mengi, na mkia wake umegawanyika kama panda. Mkubwa kabisa katika waliovuliwa kwa ndoana na kuandikwa rasmi alitoka katika Ziwa Great Bear, kaskazini mwa Kanada, mwaka 1995, na uzito wake ulikuwa ratli 72, yaani zaidi ya kilo 32.

Mahali panaposifiwa sana kwa uvuvi huu ni hifadhi ya Algonquin, katika jimbo la Ontario, iliyotengwa na serikali mwaka 1893. Eneo lake lapata kilomita za mraba 7,600, na ndani yake mna maziwa zaidi ya 1,500. Wakati wa baridi maziwa hayo yote hufunikwa na barafu ambayo mtu aweza kutembea juu yake. Sheria yafungua uvuvi wa trauti Jumamosi ya nne ya mwezi wa Aprili. Lakini kuna miaka ambayo sheria yasema ndiyo na barafu yasema hapana, na mvuvi hana budi kungoja mpaka mwanzo wa Mei.

Sababu ya kushika majira hayo ni hii. Maji huwa mazito kupita yote yakiwa na digrii 4 za sentigredi. Siku za joto, maji ya juu hupashwa na jua, yakawa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Trauti huyu hapendi maji yapitayo kadiri ya digrii 12. Basi hushuka chini mita 15 au 20, pengine zaidi, asipatikane tena na mtu asimamaye ukingoni. Lakini barafu ikishayeyuka, maji ya juu na ya chini huwa ya baridi moja, upepo ukayakoroga pamoja, na samaki huwa na uhuru wa kwenda apendako. Naye hupenda kwenda kwenye chakula. Maji ya kando, yenye kina kidogo, ndiyo yapatayo joto kwanza. Wadudu na samaki wadogo hukusanyika huko, naye huwafuata mpaka mita chache tu kutoka kwenye mawe ya ukingo. Hali hiyo hudumu majuma mawili au matatu, kisha huisha.

Maziwa yaliyo karibu na barabara huvuliwa na watu wengi, kwa hiyo wale wenye ari hupakia hema, blanketi na chakula katika mtumbwi, wakapiga kafi kutoka ziwa hata ziwa. Kati ya ziwa moja na jingine kuna njia ya miguu msituni, na hapo mtumbwi hugeuzwa na kuchukuliwa mabegani. Wenyeji wa kale walifanya mitumbwi kwa ajili ya safari za namna hii hasa. Hawakuichonga katika gogo; waliiunda kwa magome ya mti mmoja wenye ganda jeupe, wakayashona kwa mizizi na kuziba mishono kwa utomvu. Ya siku hizi ina umbo lile lile, ila imefanywa kwa alumini au kwa nguo ngumu iliyogandishwa, na mingine haizidi kilo 20.

Kuvua kutoka ukingoni kwadhaniwa na wengine kuwa ni kazi ya watoto. Katika majira haya sivyo. Mvuvi mwenye akili hutafuta rasi ya mawe ambayo maji yake huingia kina ghafula, au mahali kijito kinapomwagika ziwani, au ukingo uliopigwa na upepo mchana kutwa, maana upepo husukuma maji yenye joto na chakula upande huo. Saa bora ni alfajiri na magharibi, na siku ya mawingu hushinda siku ya jua. Fimbo yake ina urefu wa mita mbili hivi, na mshipi ni mwembamba. Mwisho wa mshipi hufungwa kipande cha madini king'aacho, chenye umbo la kijiko kisicho na mpini, na ndoana nyuma yake. Hukitupa mbali, akakiacha kizame huku akihesabu polepole, kisha akazungusha gurudumu bila haraka, nacho kikaja kikiyumba kama samaki mdogo aliyeumia. Asiyekiacha kizame hatapata kitu. Akikiacha mno, kitashikwa na mawe, na vijiko vingi hubaki huko chini kila mwaka.

Iko njia nyingine, ya kulaza chambo chini kwa chubwi na kungoja karibu na moto. Ni ya raha, lakini samaki huimeza ndoana mpaka tumboni, na aliyeimeza hivyo akirudishwa majini mara nyingi hufa. Yafaa kwa yule aliyekwisha kuazimia kumla samaki wake, basi.

Hatari kubwa ya safari hii haitoki kwa dubu weusi, ingawa wako, na ndiyo maana chakula hutundikwa juu ya mti usiku. Yatoka kwa maji yenyewe. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye mara nyingi amejitosa mwenyewe katika maji ya barafu ili kuyachunguza mambo haya, afundisha hesabu nyepesi. Dakika moja ya kwanza mtu huhema ovyo, na akivuta maji badala ya hewa huzama papo hapo. Dakika kumi zifuatazo mikono ingali na nguvu ya kumwokoa. Baadaye vidole havishiki hata kamba. Kuzirai kwa baridi huja baada ya saa moja hivi. Kwa hiyo wengi hufa wakati ambapo mwili haujapoa bado, nao walijua kuogelea. Afaaye ni yule aliyevaa koti la kuelea kabla ya kuingia mtumbwini, apitaye kandokando hata kama njia ni ndefu, na akubaliye kulala siku mbili kambini upepo ukiwa mkali. Uzoefu peke yake si kinga. Mchoraji Tom Thomson, aliyeijua hifadhi hiyo na mitumbwi yake kuliko wengi, aliondoka peke yake katika Ziwa Canoe tarehe 8 Julai 1917, na maiti yake ilionekana baada ya siku nane. Watu wabishana mpaka leo juu ya kifo chake.

Maziwa haya ni kama shamba la mawe: maji yake ni safi kwa sababu hayana rutuba nyingi. Trauti hukua polepole, na jike huweza kupita miaka sita au zaidi kabla ya kutaga. Ndiyo sababu idadi ya samaki ambao sheria yamruhusu mtu kuchukua kwa siku huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Katika Ziwa Opeongo wataalamu wamekuwa wakihesabu samaki wa wavuvi tangu mwaka 1936. Mwaka 1948 walitiwa humo samaki wadogo waitwao sisko wawe chakula, na trauti wakawa wakubwa kuliko zamani. Lakini hilo lilifanywa kwa shauri la wataalamu. Mvuvi kuja na samaki hai awe chambo ni marufuku katika hifadhi yote, kwani samaki mgeni akiponyoka huweza kuzaa na kula chakula cha wenyeji.

Samaki aliyevuliwa jioni hupasuliwa kando ya maji, akakaangwa kwa mafuta na unga juu ya moto wa kuni. Nyama yake yenyewe ina mafuta mengi, na rangi yake hutofautiana ziwa kwa ziwa, toka nyeupe hata ya machungwa. Kufika katikati ya Mei mainzi weusi waumao huanza kutoka katika vijito, maji ya juu huanza kupata joto, na vijiko hurudi ukingoni vitupu. Tangu hapo amtakaye trauti humfuata kilindini, kwa mtumbwi na mshipi mrefu.