Mfupa wa Plastiki Mahakamani: Kidhibiti au Kielelezo?

Mahakama moja mjini Birmingham, Uingereza, ilionyeshwa mfupa ambao haukuwahi kuwa katika mwili wa binadamu. Ulikuwa umetengenezwa kwa printa. Mwili wa marehemu ulikuwa umekatwakatwa, ukatiwa katika masanduku na kutupwa mferejini, nacho kipande kimoja cha mfupa kilichoungua kikapatikana kando na mabaki hayo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Warwick walivipiga vipande hivyo picha za eksirei kutoka kila upande, kompyuta ikaziunganisha, na ikabainika kwamba kipande kilichoungua na kile kilichotoka mferejini vilikuwa vya mfupa mmoja. Mshtakiwa alipatikana na hatia ya mauaji.

Manufaa ya teknolojia hii hayapingiki. Mfupa ulioungua humomonyoka ukiguswaguswa, ilhali nakala yake yaweza kupitishwa mkono kwa mkono bila hofu. Isitoshe, wanaosikiliza kesi huepushwa picha za kutisha ambazo zingewatia jazba kabla ya kuupima ushahidi.

Hata hivyo, nakala hiyo haijiumbi. Kompyuta hupokea picha zenye vivuli vya kila namna, kuanzia vyeusi hadi vyeupe, na sharti fundi aamue ni kivuli kipi kihesabiwe kuwa mfupa na kipi kiwe nyama au hewa. Akiusogeza mpaka huo kidogo tu, mfupa hunenepa au hukonda, na ufa mwembamba waweza kuzibika usionekane kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa mitambo ya leza inayopima chumba kulikotendeka uhalifu: mwale hauoni kilicho nyuma ya mlango, na pengo likibaki, programu yaweza kulijaza kwa makisio. Printa nayo huchapa tabaka juu ya tabaka, kilichopimwa na kilichokisiwa kikitoka kwa rangi ile ile na ugumu ule ule. Anayekishika mkononi hana namna ya kutofautisha.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika, ingawa wengi wao yamkini hudhani kwamba mambo haya ni ya wanasayansi na mawakili peke yao. Kiswahili ni lugha ya mahakama za chini nchini Kenya, na ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Je, mkalimani huyo ataliitaje lile plastiki? Mara nyingi neno kielelezo hutumiwa kwa kitu chochote kinachowasilishwa mbele ya hakimu, kiwe panga lenye damu au mchoro wa njia panda. Mfupa halisi na nakala yake vikiitwa vielelezo vyote viwili, nakala hupewa hadhi isiyostahili.

Lugha yenyewe tayari ina dawa. Neno kidhibiti lipo, na lafaa liachiwe kitu halisi kilichookotwa penye tukio, huku kielelezo kikibaki kwa maana yake ya asili: kitu kinachoeleza kingine. Aidha, istilahi ya "pande tatu" inayozoeleka ina kasoro, kwani humfanya msikilizaji afikirie pembetatu. "Vipimo vitatu" ni bora, kwa kuwa hudokeza kwamba kuna mtu aliyepima, na anayepima huweza kuulizwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba huku ni kupasua nywele, na kwamba kuuliza ni kazi ya wakili. Lakini katika mahakama za chini, washtakiwa wengi husimama bila wakili. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba kilicho mezani ni kidhibiti, atanyamaza. Akiambiwa ni kielelezo kilichotokana na vipimo, huenda akauliza ni nani aliyeamua mfupa uishie wapi.