Mti wa Krismasi Usitupwe Januari

Kila Desemba, katika Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, hata Tororo, matawi ya saipresi hukatwa kupamba nyumba. Ikifika Januari yamekauka, yako jaani. Mimi sioni faida yake. Heri poinsetia, mmea wa asili ya Meksiko uliopewa jina la Joel Roberts Poinsett, balozi wa Marekani huko katika miaka ya 1820. Wengi hudhani wekundu ule ni ua. Kumbe ni majani, na maua yenyewe ni yale madogo ya manjano katikati.

Ndugu zangu, upandeni katika kopo lililotobolewa chini, maana maji yakituama mizizi huoza. Sikukuu ikiisha msiutupe, hata ukipukutika. Wakati wa kiangazi unywesheni kidogo tu. Mvua za Machi zikianza, ukateni ubaki shubiri moja, kisha uhamishieni uani, nao utapita kimo cha mtu. Utomvu wake mweupe huwasha, basi naweni mikono. Tangu Oktoba usipate mwanga wa taa usiku, ama utakawia kugeuka mwekundu. (Wanaokesha kwa ajili ya mtihani wasisomee karibu nao!) Vijiti mlivyokata vichomekeni ardhini, jirani naye apate wake.