Akili ya mtoto haiuzwi kwa chupa!

Leo mambo ya mapenzi na disko nayaweka kando, nina kesi ya mpwa wangu.

Mimi naishi Sinza kwa dada. Ana binti wa miezi 14, mtundu ile mbaya, anatembea kwa kushikilia makochi. Kasoro moja tu: kusema bado. Ni "baba" na "mama" basi. Sasa jirani yetu ana mtoto wa umri huo huo, yeye anaongea kama redio. Siri yake? Chupa! "Mpe omega, shoga yangu, inafungua ubongo."

Kasheshe likaanzia hapo. Dada akanunua matone ya omega, shilingi 45,000. Chupa ya pili, mafuta ya ini la samaki ya watu wazima, akapewa na mwenzake kazini. Asubuhi matone, jioni kijiko. Ili bajeti ikae sawa, samaki wakafutwa nyumbani. Wiki tatu tunakula maharage na mchicha, nami nikanyamaza. Unayelala kwa dada yako utasema nini?

Siku ya kwenda kliniki kupata matone ya vitamini A, dada alikuwa kazini, nikatumwa mimi mjomba mtu. Nesi kanitazama juu chini: "Haya baba, mtoto anatumia dawa gani nyumbani?" Nikazitoa zile chupa mbili kwa kujidai. Akazisoma, akavua miwani.

"Hii ya ini la samaki ina vitamini A. Na hii nyingine wameiongeza pia. Mnampa kila siku? Hatapiki?"

Moyo ukanipiga paa! Wiki ile mtoto alikuwa anatapika na kukataa uji, sisi tukasema ni meno.

Matone hakupewa siku ile. Tulipelekwa kwa daktari, akampima, akaamuru chupa zote zisimame. Kwamba yalikuwa meno au chupa hakuapa, ila alinieleza kitu kilichoninyima usingizi: vitamini A ikizidi haitoki na mkojo, inajikusanya kwenye ini. Siku chache baadaye kutapika kukakoma. Tangu hapo nimeuliza na kusoma mpaka basi.

Haya, tuje kwenye pointi. Omega-3 ni mafuta, na iliyo maarufu kwa watoto inaitwa DHA, maana imo kwenye ubongo na macho. Mtoto akifika miaka 2 ubongo wake umeshafikia kama asilimia 80 ya ukubwa wa ule wa mtu mzima. Wauza chupa wanalijua hilo! Lakini mwaka 2017 wataalamu wa Cochrane walipitia majaribio ya maziwa ya kopo yaliyoongezwa mafuta haya, kwa watoto waliozaliwa miezi ikiwa imetimia. Majaribio mengi hayakuona faida kwenye akili wala macho. Kwa hiyo anayekuahidi profesa ndani ya chupa, mwogope.

Kama bado unataka kununua, shika haya:

Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, DHA imo humo. Mama akila samaki, maziwa yake nayo yanaongezeka DHA. Aliyezaliwa njiti, au asiyenyonya, mambo yake yaamuliwe na daktari, si jirani.

Usisome maandishi makubwa ya mbele, geuza nyuma. "Mafuta ya samaki miligramu 1,000" si DHA 1,000. Kidonge cha kawaida cha watu wazima cha ukubwa huo kina DHA kama miligramu 120 tu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2010 ilitaja miligramu 100 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 hadi 24, chakula kikiwa ndani ya hesabu.

"Omega 3-6-9" isikuzuzue. Omega-6 imejaa kwenye mafuta ya alizeti unayokaangia chapati, na 9 mwili unajitengenezea. Unalipia namba!

Mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki ni vitu viwili tofauti. Ya ini yana vitamini A na D, usiyachanganye na chupa nyingine. Na ukienda kliniki, sema unachompa mtoto.

Kidonge kizima usimpe mtoto mdogo, kitamkaba. Chupa iliyoanikwa juani dirishani iache hapo hapo. Ukifungua ikakupiga harufu kali ya mafuta yaliyoharibika, tupa hata kama iliuzwa bei mbaya.

Nilipomwambia dada, alifoka: "Umekuwa daktari lini wewe?" Kisha akakaa kimya muda mrefu, akamkumbatia mwanaye. Najua alijisikia vibaya, na hakukosea kwa ubaya. Alitaka mtoto wake asiachwe nyuma. Nani hataki?

Jumamosi tukaenda wote Feri kununua vibua. Tunachemsha, tunachambua miba mara mbili kwa vidole, tunamponda na ndizi. Kipande kidogo mara mbili kwa wiki. Kama mwanao hajawahi kula samaki, anza na kidogo sana uone kama kinamdhuru. Papa na nduaro mwekee mbali, wana zebaki nyingi.

Kusema bado hajasema jipya. Daktari katuambia tuongee naye sana, tumwimbie, na akifika miezi 18 bila maneno mengine tumrudishe. Basi kila jioni mjomba ndiyo redio yake, napiga stori mpaka koo linakauka, na hiyo haina bei.

Tukutane wiki ijayo tukijaaliwa. Nimetoka!