Mtoto Asiyelia Hajakomaa, Ameota Sugu

"Nyamaza! Ukilia nakuongeza."

Kama umelelewa Nzega, mkoani Tabora, maneno haya uliyasikia kabla hujajua kuandika jina lako. Mimi niliyasikia nikiwa na miaka minane, jioni niliyorudi machungani na ndama mmoja pungufu. Fimbo ya kwanza nililia. Ya pili nililia. Ya tatu niliuma ulimi, na ya nne sikutoa sauti. Mzee aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Sasa huyu ni mwanaume." Ndama alipatikana kesho yake. Kilio changu hakijapatikana mpaka leo.

Naandika kwa hasira na sitaificha. Tumeufanya ukimya wa mtoto kuwa cheti cha malezi bora. Asiyelia tunasema amekomaa, ana adabu, hana usumbufu. Binti wa miaka tisa anayembeba mdogo wake mgongoni huku akisonga ugali, asiyewahi hata siku moja kusema amechoka, tunamwita "mama mdogo" na kumsifu mbele ya wageni. Hakuna anayeuliza kilio chake kimekwenda wapi. Mimi nasema hakikwenda popote. Kimeingia mwilini, kinasubiri ndoa.

Sisi wa Unyamwezi tulipaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Babu zetu walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu begani, mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 30, kutoka Tabora hadi pwani, mwendo wa kilomita 800 hivi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba hata watoto wadogo walizoezwa kubeba vipembe vidogo. Bega likibeba hivyo miaka na miaka, linaota sugu.

Sugu si ugonjwa, ni akili ya mwili. Ngozi inayosuguliwa kila siku hujifanya nene ili isichubuke. Lakini ngozi nene huenda isihisi vizuri, hata inapopapaswa kwa upendo. Na moyo wa mtoto ni hivyo hivyo. Mtoto wa nyumba yenye vitisho hujifunza kuzisoma hatua za baba anaporudi kutoka kilabuni, ajue kama leo ni siku ya kucheza au ya kujificha. Hujifunza kwamba anayeomba hupigwa, anayenyamaza hupona. Ujanja huo ulimwokoa, wala hapaswi kuuonea haya. Msiba unaanza anapofika miaka thelathini, hatari imeshaondoka, sugu limebaki.

Mtazame sasa. Mkewe anamwambia kwa upole, "Baba Fulani, jambo lile limeniumiza." Yeye anasikia zile hatua za kutoka kilabuni. Moyo unakwenda mbio, taya zinakaza, naye anafanya kile alichofundishwa akiwa na miaka minane: ananyamaza. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Mke anaona ni dharau. Ndugu wanaitwa, wanasuluhisha habari ya hela ya matumizi, wanakula, wanaondoka. Kidonda hakuna aliyekigusa.

Na yule mama mdogo? Ameolewa. Hawezi kuomba chochote, maana alifundishwa kwamba kupendwa ni ujira wa kutosumbua. Anatoa mpaka anakauka. Akipigwa, anajiuliza amekosea wapi. Akienda kwa wakubwa wanamwambia, "Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo." Vumilia! Mtu huyu anavumilia tangu ana miaka tisa. Mnataka avumilie mpaka lini, mpaka mumzike?

Mwili nao unaweka hesabu zake. Ukikutana na fisi njiani, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, mapigo ya moyo yanaongezeka, presha inapanda, sukari inaingia kwenye damu ili upate nguvu ya kukimbia, na tumbo linasimamisha kazi yake. Fisi akienda zake, mwili unatulia. Lakini mtoto ambaye fisi wake analala nyumba moja naye hapati muda wa kutulia. Kengele inalia miaka yote. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walichapisha majibu ya watu wazima zaidi ya 9,000 walioulizwa kuhusu mateso ya utotoni: kupigwa, kutukanwa, kunajisiwa, kumwona mama akipigwa. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso walikuwa katika hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wale ambao hawakupitia yoyote. Maradhi ya moyo na ya ini nayo yaliwaandama zaidi. Hiyo si hukumu, kwani wapo wengi waliopona. Ila ni deni, na mtoto ndiye analipa.

Mimi nilipimwa presha nikiwa na miaka 41. Muuguzi aliiangalia mashine, akaniangalia, akauliza, "Baba, una mawazo?" Nikajibu, "Hapana." Ni jibu lile lile la fimbo ya nne.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya wazungu. Basi wasikilize. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anawatembelea akina mama 26 majumbani mwao, vijijini Buganda, si mbali na Kampala. Alichokiona kwao kilikuja kuwa mojawapo ya misingi ya elimu ya dunia nzima juu ya mapenzi ya mama na mwana. Aliona kwamba watoto wenye uhakika na mama zao, waliojua wakiita wataitikiwa, walilia kidogo kuliko wenzao, na waliweza kutambaa mbali wakachunguza dunia, wakijua pa kurudi. Elimu hii mzungu aliisoma kwenye mapaja ya mama wa Kiafrika. Leo mnatuambia ni ya kigeni?

Wengine watanirushia methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Naipokea kwa mikono miwili. Isomeni vizuri. Nani hapa anaogopa mwana kulia? Ni yule anayefoka "nyamaza". Ni yule anayeshika fimbo ili kilio kikome. Asiyechelea kilio humkatalia mtoto anachostahili kukataliwa, humwacha alie, na hukaa karibu naye mpaka amalize. Methali hiyo mmeibeba miaka yote kama fimbo, kumbe inawasuta.

Serikali nayo isijifiche nyuma yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Mtoto, inayokataza mateso lakini ikaacha mlango wazi kwa adhabu "ya kiasi". Kanuni za shule zinaruhusu viboko visivyozidi vinne. Vinne! Hiyo ndiyo idadi iliyonitosha mimi. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Sisi tunangoja nini?

Nirudi kwa wapagazi, maana tumewarithi nusu. Misafara ilianza safari alfajiri, na kabla jua halijawa kali ilikuwa imefika kambini. Mizigo ikashushwa. Moto ukawashwa, zikaimbwa nyimbo, watani wakataniana. Hakuna mpagazi aliyelala na pembe begani. Sisi tumerithi mzigo, kambi tumeiacha njiani. Tunamtwika mtoto wa miaka minane, kisha tunakataza neno pekee ambalo angelitumia kuomba ashushe.

Kwa hiyo, mwalimu, weka fimbo chini kabla sheria haijakulazimisha. Mzee, mtu akikuletea ugomvi wa ndoa, usiishie kwenye hela ya matumizi. Uliza kila mmoja alilelewaje. Mwanaume mwenzangu, siku nne za ukimya si ukali wala si heshima. Ni mtoto aliyejificha. Mwambie mkeo, hata kwa sentensi moja, kwamba unaogopa.

Nawe mzazi, leo usiku mwanao akilia, lile neno "nyamaza" limeze. Kaa chini, umsikilize mpaka amalize. Ni dakika chache tu. Kilio changu kimesubiri miaka thelathini na tatu, na sasa nakunywa vidonge kila asubuhi.