Mtoto anapimwa uzito kila mwezi, mama yake anaulizwa nini?

Tanzania imepiga hatua kubwa kwenye afya ya uzazi, hilo halina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya kina mama vinavyotokana na uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ukakuta idadi imeshuka hadi 104. Februari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipewa tuzo ya Goalkeepers ya Taasisi ya Gates kutokana na mafanikio hayo.

Ila ndani ya utafiti huohuo wa 2022 kuna namba nyingine ambayo inashuka kwa kusuasua. Ni udumavu wa watoto. Mwaka 2015/16 ulikuwa asilimia 34. Mwaka 2022 ukawa asilimia 30.

Yaani watoto watatu kati ya kumi walio chini ya miaka mitano bado ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Hiyo ni dalili ya lishe duni na magonjwa ya mara kwa mara, na athari zake hufika mpaka darasani.

Kwa miaka mingi jibu limetafutwa kwenye chakula, maji safi, vyoo na chanjo. Yote hayo ni muhimu. Lakini tafiti za afya ya jamii zinaonyesha kuna kitu kingine ambacho mizani ya kliniki haiwezi kukipima: hali ya akili ya mama anayemlea mtoto huyo.

Si uchovu wa uzazi tu

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema karibu asilimia 10 ya wajawazito duniani na asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa zaidi ni sonona.

Kwenye nchi zinazoendelea hali ni nzito zaidi. Huko ni asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Kwa lugha nyepesi, mama mmoja kati ya watano.

Hapa kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna machozi na hisia za kupanda na kushuka katika siku za mwanzo, ambazo wanawake wengi huzipitia na huisha zenyewe. Kuna kile ambacho mtaani huitwa kichaa cha uzazi, ambacho ni nadra na huhitaji hospitali haraka. Katikati ndipo ilipo sonona.

Sonona haina kelele. Mama anaamka, ananyonyesha, anafua nepi, anakwenda kliniki. Lakini hafurahii chochote, hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, anajilaumu kwa kila kitu, na siku haziishi. Majirani watasema amebadilika, au ana majivuno, au ni mvivu. Wachache watasema anaumwa.

Inamfikiaje mtoto?

Mtoto mchanga anahitaji mtu wa kumwangalia kwa karibu muda wote. Kumnyonyesha anapotaka. Kugundua kwamba leo kachangamka kidogo kuliko jana. Kukumbuka tarehe ya chanjo. Kumbembeleza ale akianza uji. Kuongea naye na kucheza naye.

Kazi hizi hazihitaji pesa nyingi, ila zinahitaji nguvu za akili. Na hizo ndizo sonona inazozimaliza.

Mwaka 2011, jarida la WHO lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 17 kutoka nchi 11 zinazoendelea, zikihusisha karibu mama na watoto 14,000. Watoto ambao mama zao walikuwa na dalili za sonona walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito pungufu, kwa mara 1.5. Kwa udumavu, ilikuwa mara 1.4.

Ni kweli kwamba umaskini unaweza kuleta vyote viwili kwa pamoja: njaa ya mtoto na sonona ya mama. Na mtoto anayeugua kila wiki anaweza kumvunja moyo mama yeyote. Kwa hiyo takwimu hizi peke yake hazithibitishi kwamba sonona ndiyo chanzo. Ndiyo maana watafiti walikwenda hatua ya pili: ukimtibu mama, nini kinabadilika kwa mtoto?

Jaribio la Pakistan

Jibu lililo maarufu zaidi lilitoka vijijini, eneo la Rawalpindi, Pakistan. Timu iliyoongozwa na daktari wa magonjwa ya akili Atif Rahman iliwafuatilia wajawazito 903 wenye sonona na kuchapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 2008.

Hawakuleta madaktari bingwa. Waliwatumia wahudumu wa afya wa kijijini, wanawake ambao tayari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuhusu uzazi na chanjo. Walifundishwa mbinu rahisi za mazungumzo: kumsaidia mama atambue mawazo yanayomwangusha, na kuweka hatua ndogondogo za kujijali yeye, kumjali mtoto na kurudi kwa watu.

Mtoto alipofika miezi sita, asilimia 23 ya kina mama waliopata huduma hiyo walikuwa bado na sonona. Kwa wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo, ilikuwa asilimia 53.

Na watoto? Waliharisha mara chache zaidi, na wengi zaidi walikamilisha chanjo. Lakini uzito na urefu wao haukutofautiana sana na wa wenzao. Hili ni la kusemwa wazi. Kumtibu mama hakukumaliza udumavu, kwa sababu mazungumzo hayaongezi chakula kwenye sufuria.

Afrika Kusini kuna mfano wa karibu na huo. Katika kitongoji cha Khayelitsha, Cape Town, utafiti wa wanawake 449 uliochapishwa mwaka 2009 ulitumia kina mama wa mtaani waliopewa mafunzo kuwatembelea wenzao nyumbani. Watoto walipofika miezi 18, asilimia 74 ya waliokuwa kwenye mpango walionyesha ukaribu na imani kwa mama zao, ukilinganisha na asilimia 63 ya wengine.

Kwa hiyo faida ipo, na inapatikana kwa watu wa kawaida waliofundishwa vizuri. Ila haichukui nafasi ya lishe. Inakwenda pamoja nayo.

Na huku nyumbani?

Moshi, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwafuatilia zaidi ya wanawake 1,000 tangu ujauzito na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Walipowapima takriban siku 40 baada ya kujifungua, zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa na dalili za sonona.

Lakini kilichogusa zaidi ni kingine. Wanawake waliofanyiwa ukatili na wenza wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa kupata sonona karibu mara tatu zaidi.

Hapo ndipo suala linapotoka kliniki na kuingia sebuleni. Unaweza kumpa mama dawa za kuongeza damu, chandarua na ushauri wa lishe, ila kama anarudi kwenye nyumba anayopigwa au kutukanwa, mtoto wake naye anarudi huko huko.

Siku hizo 40 zina maana yake pia. Katika jamii nyingi za Tanzania, arobaini ilikuwa ni ulinzi. Mama mzazi anakandwa kwa maji ya moto, analetewa mtori au uji wa pilipili manga, bibi au shangazi anahamia nyumbani kusaidia. Hakuna aliyeiita huduma ya afya ya akili, lakini mama hakuachwa peke yake.

Mjini mambo yamebadilika. Chumba kimoja cha kupanga hakimtoshi bibi. Sheria ya kazi inatoa siku 84 za likizo ya uzazi kwa mama aliyeajiriwa, na siku 3 kwa baba. Mama lishe, muuza mbogamboga au mkulima hana likizo yoyote ya malipo. Wengi wanarudi kibaruani kabla hata arobaini haijaisha, mtoto akiwa mgongoni.

Kuuliza ni mwanzo tu

Kuna kipimo cha maswali 10 kilichotengenezwa Uskochi mwaka 1987, na ndicho kilichotumika Moshi. Kinauliza mambo ya siku saba zilizopita: kama mama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu, kama analala, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Hakihitaji damu wala mashine. Dakika chache tu zinatosha.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua unapendekeza kina mama wapimwe sonona na wasiwasi. Ila umeweka sharti: upimaji uende sambamba na huduma kwa atakayekutwa na tatizo.

Sharti hilo ndilo gumu. Nesi mwenye foleni ya kina mama 60 akimuuliza mmoja "unaendeleaje kweli?" na mama akaanza kulia, anampeleka wapi? Kama jibu ni hospitali ya mkoa iliyo mbali, basi swali limeongeza mzigo tu.

Hapa ndipo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapoingia. Tanzania ilizindua mpango wake mpya wa wahudumu hao Januari 2024, ukilenga kufikia zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Kenya nayo ilizindua jeshi la wahudumu zaidi ya 100,000 Septemba 2023.

Ni watu wa aina ileile waliofanya kazi Pakistan. Tofauti ni mafunzo, usimamizi na muda. Kumwongezea mhudumu jukumu jipya bila kumpunguzia jingine, au bila posho inayoeleweka, ni kuhamisha uchovu kutoka kwa mama kwenda kwa mhudumu.

Cha kufanya kwa sasa

Familia haihitaji kusubiri sera. Mama akiwa na huzuni isiyoisha, akikosa usingizi, hamu ya kula au hamu ya mtoto kwa zaidi ya wiki mbili, apelekwe kituo cha afya na hali ielezwe hivyo hivyo, bila kuficha. Sonona inatibika. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akianza kuona na kusikia vitu visivyokuwepo, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Kwa watunga sera, kipimo cha mafanikio hakiwezi kuishia kwenye idadi ya kina mama waliotoka leba salama. Kwenye ziara ya wiki ya sita baada ya kujifungua, mtoto atapimwa na kuchanjwa kama kawaida. Mama naye yupo hapo hapo, amekaa kwenye benchi hilo hilo. Kumwuliza hakuhitaji jengo jipya, ila kunahitaji mtu aliyefundishwa kusikiliza jibu.